Nyaya Kumi na Mbili za Mwisho

Jumatatu, 4 Machi

Mvua zimeanza, na paa la chumba cha pampu limeanza kuvuja siku hiyohiyo, utadhani walikuwa na miadi. Tumeweka ndoo mbili na beseni moja. Nimeamua kuandika msimu huu mzima kwa sababu ni wa mwisho kwangu hapa maabara. Nikipata ninachokitafuta nitamaliza shahada yangu. Nisipokipata nitamaliza subira ya watu. Dada yangu, ambaye naishi kwake, huniuliza kila jioni akiwa bado kwenye cherehani, "Friji lako limegandisha nini leo?" Namjibu limenigandisha mimi.

Nieleze kidogo, nikija kulisoma daftari hili uzeeni nisijione chizi. Tuna chipu, kipande cha nusukipitishi kidogo kuliko punje ya mchele. Ukikipoza mpaka karibu na mwisho wa baridi yote, ukakiweka ndani ya sumaku kali, umeme huacha kupita katikati yake na kutembea ukingoni tu, upande mmoja, kama magari kwenye mzunguko wa barabara. Hakuna anayerudi nyuma. Juu ya ukingo huo tumelaza ukanda mwembamba wa niobi, metali ambayo ikipoa hupitisha umeme bila kikwazo chochote. Shida ni kwamba viwili hivi havipatani: sumaku ambayo kimoja kinaihitaji ndiyo inayokidhoofisha kingine. Tukiweza kuvikalisha pamoja, pale vinapokutana inatarajiwa kuzaliwa hali mpya ya umeme, ambayo habari iliyohifadhiwa ndani yake haikai mahali pamoja, kwa hiyo huwezi kuiharibu kwa kugusa mahali pamoja. Wakubwa wanataka kuitumia kujenga kompyuta za namna nyingine kabisa. Mimi nataka grafu moja tu.

Alhamisi, 7 Machi

Mzee Koleo amelehemu nyaya mpya siku mbili mfululizo. Ndiye fundi wa mtambo wa baridi, mwaka wa thelathini na moja sasa, na jina hilo kalipata kwa sababu koleo halijawahi kumtoka mfukoni, hata siku ya harusi ya binti yake. Mkuu wa kitengo anataka apumzike, umri umefika. Profesa, msimamizi wangu, amemwandikia mkuu kwamba mtambo huu ni mkongwe na hakuna mwingine anayejua kuusikiliza. Wamekubaliana waamue mvua zikiisha.

Kuusikiliza si maneno ya barua tu. Mzee Koleo ana bisibisi ndefu ya mpini wa mbao. Anagusisha ncha yake kwenye pampu, mpini anauweka nyuma ya sikio, anafumba macho. Kisha anakwambia beringi ipi imechoka na imebakiza wiki ngapi. Mwaka juzi alisema wiki tatu. Siku ya ishirini na mbili ikakatika, tayari akiwa na nyingine mezani. Masikio yake ndiyo mkataba wake, na yeye mwenyewe anajua.

Jumatatu, 11 Machi

Leo tumehesabu nyaya. Ni utaratibu wa Mzee Koleo kabla ya kupoza mtambo, na hauruki hata ukimlilia. Yeye anapanda jukwaani juu, kwenye kichwa cha mtambo, na plagi ya miguu ishirini na minne. Mimi nalala chali chini, kwenye kikalio cha chipu, na testa, kifaa kinacholia waya ukiwa ndio wenyewe. Yeye anabana mguu mmoja na kutaja namba. Mimi nagusa, testa inalia, naitikia "Upo." Hapo ndipo anapokwenda namba inayofuata. Tukikosea jozi moja tu, tutakuwa tunasoma ukingo usio wenyewe msimu mzima, na mtambo ukishapoa hakuna mkono unaoingia.

Baada ya waya wa kumi na mbili betri ya testa ilikufa. Nyingine ziko stoo, ng'ambo ya uwanja, na mvua ilikuwa inamwagika kweli. Nilikuwa nimelala kwenye sakafu ya saruji saa nzima, mgongo umekufa ganzi, na dada alikuwa ananisubiri twende kumwona mama. Mzee akataja, "Kumi na tatu." Nikasema, "Upo." Akanyamaza kidogo, akarudia, "Kumi na tatu?" Nikajibu kwa sauti kubwa zaidi. Tukaenda hivyo mpaka ishirini na nne, kila namba akiitaja mara mbili na mimi nikiitikia mara mbili.

Tangu lini Mzee Koleo akakosea waya? Nimetia alama zote kwenye karatasi na kusaini.

Ijumaa, 15 Machi

Mtambo unapoa. Mvua.

Jumanne, 19 Machi

Tumefika chini kabisa, sehemu ndogo sana ya digrii moja juu ya mwisho wa baridi yote. Profesa amekunywa chai yake bila sukari akiwa amesimama, ishara kwamba ana furaha.

Mzee Koleo ameniuliza kama kengele ya hatari ya mtambo imepunguzwa sauti. Haijapunguzwa. Akasema sawa, akaondoka.

Jumanne, 26 Machi

Imetokea leo saa nne asubuhi. Dada anasema nikiendelea kutabasamu hivi atanipeleka hospitali.

Tulikuwa tunapandisha sumaku polepole. Umeme ulipoanza kutembea ukingoni, tukatazama waya wa kumi na saba, ule unaosoma kituo cha mbele ya ukanda wa niobi, mahali umeme unapotokea baada ya kuupita. Mstari kwenye kompyuta ukashuka, ukafika sifuri, ukaendelea kushuka chini ya sifuri na kubaki huko. Maana yake ni hii: umeingiza chembe ya umeme upande mmoja, na upande wa pili imetoka nafasi tupu, pengo lenye umbo la chembe. Niobi imemeza chembe mbili na kurudisha deni la moja. Ndiyo dalili ya kwanza kwamba vitu hivi viwili vimekubali kuzungumza.

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaangalia tena. Kisha akaniagiza nimwite Mzee Koleo aje kuona kazi ya mikono yake. Mzee alikuja, akasimama nyuma yetu akiutazama mstari. Nilidhani atafurahi. Akauliza ni waya gani. Profesa akamwambia wa kumi na saba.

Akanigeukia mimi. "Kumi na saba tuliuhesabu, binti?"

"Tulihesabu zote, Mzee."

Aliniangalia, wala si kwa ukali. "Ndiyo," akasema. "Tulihesabu zote." Akarudi kwenye pampu zake.

Nimefurahi leo kuliko siku yoyote ya miaka minne hii, na ndani ya furaha kuna kokoto. Ikiwa wa kumi na saba na wa kumi na nane zimepishana, basi tunasoma kituo cha nyuma, ambako umeme haupaswi kufika kabisa, na tulichokiona si ugunduzi ila uchafu wa waya. Nikimwambia Profesa sasa, nitaua furaha yake kwa jambo ambalo pengine halipo. Nimejiambia nitasubiri. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyojiambia.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua siku ya tisa bila kupumzika. Madaftari yamekunjamana kwa unyevu. Ndoo sasa ni nne.

Mzee Koleo amekuwa wa kuchosha. Unamwambia jambo, anakuomba urudie, na alikusikia tangu mara ya kwanza, maana majibu yake yanakuwa sahihi. Profesa akiongea yeye anamtazama mdomo. Jana simu ya mezani ililia, akanitazama mimi kwanza kuona kama nitageuka, ndipo akaipokea. Uzee unaingia ghafla kweli. Nilimwambia dada, akasema baba yetu alianza hivyohivyo, nami nikakubali kwa wepesi.

Ijumaa, 5 Aprili

Mzee aliomba ruhusa asubuhi, alikwenda kliniki ya masikio. Aliporudi nikamuuliza wamesemaje. Akasema daktari ni kijana mdogo, kamwambia masikio ni mazima kwa umri wake, na kwamba alimvalisha vitu vya kusikilizia na kumwambia abonyeze kitufe akisikia mlio. "Milio ya kule ni rahisi," akasema. "Unakaa kwenye kiti, hakuna mvua." Nikacheka nikidhani anatania.

Jumanne, 9 Aprili

Grafu nyingine tatu, zote chini ya sifuri.

Ijumaa, 12 Aprili

Profesa amepanga kipimo cha kumaliza ubishi. Tutaigeuza sumaku, upande wa juu uwe chini. Umeme wa ukingoni nao utageuka na kuzunguka upande wa pili, kwa hiyo kituo cha mbele kitakuwa cha nyuma. Kama dalili yetu ni ya kweli, itahama kutoka waya wa kumi na saba kwenda wa kumi na nane. Kama ni uchafu, itabaki palepale. Kugeuza sumaku kunapasha mtambo joto na kunakula siku mbili nzima, kwa hiyo ametaka tumalize vipimo vingine kwanza. Ni Jumatatu ya tarehe 22.

Nimepata nafuu. Sumaku itasema ukweli kwa niaba yangu na hakuna atakayejua nililala sakafuni na testa iliyokufa. Namwomba Mungu waya wa kumi na saba uwe wa kumi na saba. Sijawahi kumwomba Mungu kwa jambo dogo namna hii.

Profesa amesema pia kwamba jina la Mzee Koleo litaingia kwenye andiko letu, la tatu, baada ya langu. Kwa jina hilo, alisema, mkuu wa kitengo hataweza kumgusa. Nilikwenda kumwambia Mzee mwenyewe. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi.

"Mwambie Profesa asiharakishe," akasema.

Jumanne, 16 Aprili

Asubuhi nilimkuta Mzee Koleo kwenye chumba cha pampu, bisibisi nyuma ya sikio, macho amefumba. Nikakumbuka kwamba sijamwona akifanya hivyo kwa wiki kadhaa. Alibaki pale muda mrefu, maji yanadondoka kwenye ndoo pembeni yake. Alipofumbua macho akanipa bisibisi.

"Hebu sikiliza wewe. Unasikia kitu?"

Niliweka mpini nyuma ya sikio kama nilivyomwona akifanya. Nilisikia pampu. Inanguruma kama siku zote, kwangu pampu ni pampu.

"Sisikii kitu, Mzee."

"Hakuna kitu kabisa?"

"Hakuna."

"Basi," akasema, akaiweka bisibisi kwenye droo na kuifunga. Kwenye daftari la mtambo akaandika: pampu kuu, hali ya kawaida. Nilifurahi kuwa nimemsaidia kazi.

Alhamisi, 18 Aprili

Radi imepiga karibu, umeme ukakatika dakika mbili, jenereta ikashika. Hakuna lililoharibika. Zimebaki siku nne tu.

Jumamosi, 20 Aprili

Nilikuwa zamu peke yangu. Saa tatu na robo asubuhi pampu kuu ililia, mlio wa chuma kukatwa, kisha ikanyamaza. Nilipofika chumbani kulikuwa na moshi na harufu ya mafuta yaliyoungua. Beringi imesagika yote, mhimili umeyumba na kupasua sili, mpira unaozuia gesi isivuje, na gesi yetu ya heliamu, ile inayozunguka ndani ya mtambo na kuufanya uwe baridi, imetoka hewani. Haina rangi wala harufu. Nilijua imeondoka kwa kuangalia mshale wa kipimo ukishuka. Nikazungusha valvu zote nilizozijua, na nilizozijua hazikutosha.

Mzee Koleo alifika akiwa amelowa mpaka mifupani. Aliinama kwenye pampu, akakusanya vipande vya beringi kimoja kimoja kwenye kiganja, akavipanga kwenye benchi. Hakunilaumu. Alisema tu, "Ilikuwa na muda."

Kufikia usiku mtambo ulikuwa na joto kama la baraza nje. Heliamu ya aina ile haiuzwi dukani. Profesa amepiga simu mbili, zote zimemjibu mwakani, labda na zaidi. Kompyuta bado inachora mstari. Haumaanishi kitu chochote.

Jumanne, 23 Aprili

Kikao ofisini kwa mkuu wa kitengo. Tulikuwa wanne: yeye, Profesa, Mzee Koleo na mimi. Mkuu alikuwa na daftari la mtambo mbele yake, amelifungua ukurasa wa tarehe 16. Akaeleza, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko ukali, kwamba Mzee amebakishwa kazini kwa ajili ya kusikia pampu, na pampu imekufa, na siku nne kabla ameandika hali ya kawaida. Profesa alijaribu kusema kwamba mitambo huharibika. Mkuu akamgeukia Mzee.

"Wewe unasemaje?"

"Masikio yangu hayafai kazi tena," Mzee Koleo akasema. "Tangu mwezi wa tatu. Nilipaswa kuwaambia, nikaona haya. Kosa ni langu."

Hakuna aliyemlazimisha. Akaniomba nimsogezee karatasi ya kustaafu. Nikaisogeza, akatia saini palepale kwa kalamu ya mkuu. Profesa alitoka bila kuaga mtu.

Nimekaa kitandani nikijiuliza kwa nini mwezi wa tatu. Nimerudi nyuma kwenye daftari hili nisome. Sioni kitu ila mvua na grafu, na yule mtu akiulizauliza.

Jumatatu, 29 Aprili

Leo tumefungua mtambo. Ukanda wa niobi umebanduka wakati wa kupata joto, umejikunja kando ya chipu kama ganda la kitunguu. Chipu ile haitapima tena. Profesa aliitazama kwenye darubini, akasogea nipate kuona.

Kisha akasema tuhesabu nyaya, angalau tujue grafu zile zilikuwa za nini. Nikaweka betri mpya kwenye testa, nikalala chali palepale sakafuni. Profesa akapanda jukwaani. Mvua ilikuwa kubwa kama ile ya siku ile. Moja, mlio, upo. Mbili, mlio, upo. Tukafika kumi na mbili. Kumi na tatu. Niligusa nikiwa nimefumba macho. Ikalia. Kumi na saba ikalia. Kumi na nane ikalia. Mpaka ishirini na nne, kila waya mahali pake, hata mmoja haukupishana. Mzee Koleo hakukosea.

Kwa hiyo mstari wetu ulikuwa wa kweli. Tuliuona kweli, mwezi mzima, na siku mbili zaidi tungeuthibitisha. Nililala pale nikitaka kucheka na kulia. Nikajikuta nasema, kwa sababu ya woga uliokuwa unanitoka, kwamba Profesa alikuwa anataja namba inayofuata upesi mno, hata kabla sijaitikia. Alikuwa anawezaje?

"Si nasikia testa," akasema kutoka juu. "Inasikika vizuri tu, mvua au si mvua."

Nilibaki nimelala. Alipouliza kama nimeumia nikasema mgongo.

Inasikika vizuri. Siku ile, kwa mara ya kumi na tatu, Mzee Koleo alikuwa juu na plagi mkononi, akisubiri mlio. Mlio haukuja, ikaja sauti yangu, "Upo." Akarudia namba, nami nikaitikia kwa nguvu zaidi. Mara kumi na mbili alitega masikio, mara kumi na mbili hakusikia kitu, na mtu anayemwamini akamwambia kipo. Hakufikiria hata kidogo kwamba naweza kusema uongo kwenye kuhesabu nyaya. Ilikuwa rahisi kwake kuamini kwamba amekuwa kiziwi.

Na tarehe 26 alinipa nafasi. Aliniuliza uso kwa uso, waya mmoja kwa namba yake, nami nikamwambia tulihesabu zote.

Nimemwambia dada kila kitu, tangu betri. Aliacha kushona. Nikamweleza kuhusu mvua, mgongo, na kwamba tulikuwa tunakwenda kwa mama, na kwamba nyaya kumbe zilikuwa sawa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe hujui kuomba radhi. Wewe unajieleza tu."

Ijumaa, 3 Mei

Sikwenda kwa Mzee. Mvua.

Jumatano, 8 Mei

Sikwenda. Hakukuwa na mvua.

Jumanne, 14 Mei

Nilifika mpaka kwenye kona ya mtaa wao. Nikanunua vocha ya simu ambayo sikuihitaji, nikarudi.

Ijumaa, 17 Mei

Nimemwambia Profesa. Nilisimama mlangoni nikasema yote bila kupunguza, na nikasema kwamba nimemwandikia mkuu wa kitengo barua. Nilikuwa tayari kufukuzwa, nadhani nilitaka kufukuzwa.

"Umemwambia mwenyewe?" akauliza.

"Bado."

"Basi umegonga mlango usio wenyewe. Ondoka."

Jioni mkuu alijibu barua yangu kwa mistari mitatu. Amesikitika, jalada limefungwa, na umri ulikuwa umefika kwa vyovyote.

Jumapili, 19 Mei

Nimekwenda leo mchana. Nilisikia redio yao tangu barabarani. Mkewe alinifungulia, mama mnene mwenye uso wa uchovu, akaniambia kwa kupaza sauti kwamba mzee siku hizi anataka redio iwe hivyo, na majirani wameshakuja mara mbili. Mzee Koleo alikuwa kwenye meza ya sebuleni, amefungua feni ya mtu, skrubu amezipanga kwenye kisahani. Aliniona, akafurahi. Hilo ndilo lililoniumiza kwanza. Akamwambia mkewe, "Huyu ndiye binti niliyekwambia, wa grafu." Nikamwomba apunguze redio. Akapunguza, akasogeza kiti karibu na kunitazama mdomo, kama anavyofanya sasa na kila mtu.

Niliogopa nitaanza na mvua na mgongo, kwa hiyo nilianza mwisho.

"Mzee, siku ile ya nyaya testa ilikufa kwenye ya kumi na mbili. Zile zilizobaki sikuzigusa. Niliitikia tu. Haikulia hata mara moja."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na trei ya vikombe, akabaki hapohapo.

"Haikulia," Mzee akasema.

"Haikulia. Wewe ulisikia sawasawa. Nilikudanganya siku ile, nikakudanganya tena siku ya grafu. Nisamehe."

Aliokota skrubu moja, akaiangalia, akairudisha. Nilisubiri anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na kwa msamaha pia. Yeye hakuwa ananifikiria mimi hata kidogo. Alikuwa anahesabu kitu, midomo ikitembea.

"Kwa hiyo ni mazima," akasema. "Haya masikio."

"Ni mazima, Mzee. Daktari alisema kweli."

"Basi ile pampu niliisikia."

Sikuelewa mara moja. Akaniambia taratibu, kama mtu anayemsomea mwingine barua. Jumanne asubuhi, tarehe 16, alisikia kitu kidogo ndani ya pampu kuu, kama punje ya mchanga inayozunguka, upande wa kushoto wa mhimili. Alijua ni beringi, na alijua ina siku nne au tano. Lakini alikwisha kujiambia kwamba anasikia yasiyokuwepo na hasikii yaliyopo. Kwa hiyo akanipa bisibisi mimi, mwenye masikio mapya, nami nikamwambia hakuna kitu.

"Nilikuwa na beringi mpya kwenye kabati," akasema. "Kusimamisha pampu na kubadilisha ni saa moja. Saa moja tu, mtambo haujui hata kama umesimama."

Kisha uso wake ukavunjika. Alilia mikono ikiwa juu ya meza kati ya skrubu, bila kujificha, mtu mzima wa miaka sitini na mitano. Nimeona watu wakilia kwa kuambiwa wanaumwa. Sikuwahi kuona anayelia kwa kuambiwa ni mzima.

Nilitaka kumshika mkono nikaona sina haki hiyo. Nilikaa mpaka alipotulia, akavuta feni karibu na kuendelea kuifunga, akinipa kisogo. Mkewe alirudisha trei jikoni na vikombe vyake vitupu. Akaja kunifungulia mlango, akausimamia wazi, na nilipomuaga hakuitikia.